SIKILIZA MPAKA MWISHO

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba ulimi hauna mfupa. Mimi methali hiyo nilikuwa nikiiandika katika insha miaka nenda miaka rudi, lakini maana yake nimeijua mwaka huu. Kabla sijatoa maoni yangu naomba nisimulie kisa kifupi, maana bila kisa hicho mtauliza: huyu naye katoka wapi na mambo yake ya hotuba?

Muhula uliopita niliusikia ujumbe wa sauti katika simu ya dada yangu. Mwanamume mmoja alikuwa akilalamika kwa uchungu kwamba watu wa ukoo fulani wamejigawia pesa za msaada wa ukame na kuwaacha wengine mikono mitupu. Asubuhi nilipofika shule, hata kengele ya gwaride haijalia, nikaanza kutangaza habari hiyo darasani. Chumvi pia niliongeza, sikatai. Rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja ni wa ukoo huo. Hakunijibu neno. Alikusanya vitabu vyake akahamia dawati la nyuma, na kwa wiki tatu hatukusemezana, hata salamu.

Baadaye ikajulikana kwamba ujumbe ule ulikuwa wa zamani, tena haukuhusu Garissa kamwe. Mahali penyewe palitajwa mwishoni mwa ujumbe. Naam, mwishoni! Ujumbe wote ulikuwa wa dakika moja na kitu, nami nilisikiliza sekunde ishirini za kwanza tu, nikaona yatosha, nimeelewa.

Nilipomweleza abti wangu, yaani mjomba, ambaye ni dereva wa lori, nilidhani atanigombeza. Wapi! Aliniuliza tu, "Wewe ulisikia au ulisikiliza?" Kisha akaendelea kula anjera yake. Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Maoni yangu ni haya. Sisi vijana wa Garissa tunasikia mengi sana lakini tunasikiliza machache. Simu zilizotuletea maneno ya sekunde ishirini zinaweza pia kutuletea mazungumzo ya dakika ishirini, ya watu waliofikiri sana kuhusu jamii, uchumi na tabia za binadamu. Ningependa tuanze kuyasikiliza hayo, tuyasikilize mpaka mwisho, na tuyajadili hapa shuleni kwa Kiswahili.

KUSIKILIZA NI MILA YETU

Wako watakaosema kwamba kukaa na kusikiliza mtu akihutubu ni jambo la Wazungu. La hasha! Lugha ya Kisomali ilipata maandishi rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo mashairi, mapatano ya koo, historia na hata deni la ngamia vilihifadhiwa masikioni na vichwani mwa watu. Katika mkutano wa wazee, ule tunaouita shir, watu huketi chini ya mti kutwa nzima, pengine siku kadhaa, na anayesema hakatizwi hadi amalize. Akimaliza, anayejibu hukumbusha kwanza mwenzake alisema nini, ndipo atoe lake.

Redio nayo ilipokuja wazee waliifanya vivyo hivyo. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza mwaka 1957. Nyumbani kwetu babu alipokuwa hai, wakati wa taarifa ya habari hata mtoto mchanga alitolewa nje. Habari ikiisha, redio inazimwa, halafu ndipo wazee wanaanza kuichambua, mmoja akisema hivi, mwingine akipinga. Jambo muhimu ni kwamba wote walikuwa wamesikia kitu kimoja, tena chote.

Sisi wajukuu tumerithi simu, lakini uvumilivu huo hatukurithi. Kidole kinasukuma juu, kinasukuma juu, kila video nusu dakika. Ukimuuliza mtu ametazama nini saa mbili zilizopita hakumbuki hata moja. Mimi pia nimo, sijitoi.

HOTUBA NINAZOPENDEKEZA

Nimechagua sita. Sikuchagua kwa sababu wasemaji ni maarufu. Nimechagua kwa sababu kila moja ilinifanya niangalie kitu cha hapa hapa Garissa kwa jicho jingine.

Ya kwanza ni ya mwandishi wa Nigeria, Chimamanda Ngozi Adichie, aliyoitoa mwaka 2009. Haifiki hata dakika ishirini. Anaeleza hatari ya kuwajua watu kwa hadithi moja tu. Alipokuwa mdogo alisoma vitabu vya Uingereza na Marekani, basi alipoanza kuandika hadithi zake, wahusika wote walikuwa Wazungu wenye macho ya buluu wanaocheza kwenye theluji, ilhali yeye theluji hajawahi kuiona. Alipokwenda kusoma Marekani, msichana aliyekaa naye chumba kimoja alimwomba amsikilizishe muziki wa kikabila, akashangaa kuona Adichie anatoa kanda ya Mariah Carey.

Lakini kilichonigusa ni pale anapokiri makosa yake mwenyewe. Nyumbani kwao kulikuwa na kijana mtumishi, naye aliambiwa kila siku kwamba familia ya kijana huyo ni maskini. Siku moja walipowatembelea kijijini, akaonyeshwa kikapu kizuri kilichofumwa na kaka yake kijana huyo. Alishangaa, maana hakuwahi kufikiri kwamba watu hao wanaweza kutengeneza kitu. Alikuwa anajua umaskini wao tu.

Sasa njoo Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Msiba ule hatuwezi kuusahau na wala haifai kuusahau. Ila kuna watu wengi nchini ambao ukiwatajia Garissa wanalijua hilo tu, na ukame, na miraa. Hawajui soko letu la mifugo, hawajui maembe ya mashamba ya kando ya Mto Tana, hawajui kwamba watoto wa hapa hufanya mzaha na huogopa hesabu kama watoto wengine. Hilo linatuudhi, na tuna haki ya kuudhika.

Lakini je, sisi? Tukivuka daraja la Tana kwenda Nairobi tunasema tunakwenda Kenya, kana kwamba hapa ni nchi nyingine, na wale wa huko tuna majina yetu ya kuwaita ambayo mhariri hataniruhusu kuyaandika. Walimu wetu wanaotoka mbali wameyasikia. Hata Kiswahili chetu kina hadithi zake moja moja. Tunafundishwa methali isemayo Mgala muue na haki yake umpe. Mgala ni jina la zamani walilopewa Waoromo, na Waorma majirani zetu wa Tana ni watu wa jamii hiyo. Mwanafunzi Muorma akiketi darasani na kuisikia methali hiyo, anajisikiaje? Sisemi tuifute. Nasema mwalimu anapoifundisha, tuulizane ilitoka wapi.

Ya pili ni ya mama wa kwetu, Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir mwaka 1964. Mwaka 2007 alipokea tuzo ya Right Livelihood kule Stockholm, Uswidi, na hotuba yake inapatikana kwa maandishi. Someni kwa sauti, mmoja asome wengine wasikilize. Ni aibu kwamba wengi wetu tunawajua wachezaji kumi na mmoja wa Arsenal na hatumjui Dekha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wajir ilikuwa katika vita vya koo. Ukame ulikuwa umeua mifugo, serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka mwaka 1991 na bunduki zilikuwa nyingi. Sokoni mwanamke wa ukoo mmoja alikataa kumuuzia mwanamke wa ukoo mwingine. Dekha na wenzake wachache hawakuanza na mkutano mkubwa wala mabango. Walianza na soko. Waliwaendea kina mama wauzaji, wakakubaliana kwamba mwanamke yeyote, wa ukoo wowote, aweze kununua na kuuza bila kutukanwa, na wakaweka kina mama wa kuangalia kama ahadi inatimizwa. Kutoka hapo wakawaendea wazee, wakawaendea vijana. Mwaka 1993 wazee wa koo walitia saini azimio la amani linaloitwa Al Fatah, na mwaka 1995 ikaundwa kamati ya amani na maendeleo ya wilaya, ikiwaleta pamoja raia na maofisa wa serikali. Mfano huo uliigwa katika wilaya nyingine za Kenya. Dekha alifariki mwaka 2011 kutokana na ajali ya barabarani.

Nilipoyajua hayo ndipo nilipoona ukubwa wa kosa langu la sekunde ishirini. Watu walihangaika miaka mingi, soko kwa soko, mzee kwa mzee, ili watu wa koo mbalimbali waweze kuketi pamoja. Mimi nikataka kuwatenganisha tena kabla ya gwaride.

Ya tatu ni ya daktari wa Uswidi, Hans Rosling, aliyeifanya mwaka 2006 (alifariki mwaka 2017). Hii itawachekesha. Aliwapa wanafunzi wake wa chuo kikuu jozi tano za nchi, kila jozi wachague ni ipi ina vifo vingi zaidi vya watoto wadogo, kwa mfano Uturuki na Sri Lanka. Kwa wastani walipata 1.8 kati ya 5. Kisha akasema kama angewapa sokwe ndizi mbili zenye majina ya nchi, sokwe wangebahatisha na kupata 2.5! Yaani wanafunzi wale wasingekuwa na elimu yoyote ya dunia wangepata zaidi. Tatizo lao lilikuwa kwamba walikuwa na uhakika na mambo ya zamani. Mimi nilicheka mpaka nikakumbuka yale matokeo yangu, maana mimi pia nilikuwa na uhakika.

Ya nne ni ya mwanauchumi wa Ufaransa, Esther Duflo, ya mwaka 2010. Mwaka 2019 yeye, Abhijit Banerjee na Michael Kremer walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni rahisi: katika mambo ya umaskini kila mtu ana jibu, lakini ni wachache waliopima. Basi yeye na wenzake hupima kama wanavyopima dawa. Vijiji vingine vinapewa mpango, vingine vinangoja, kisha wanalinganisha.

Mfano mmoja ni wa chanjo katika wilaya ya Udaipur, India. Chanjo ilikuwa bure, lakini watoto waliokamilisha chanjo zote walikuwa kama asilimia 6 tu. Watafiti walipopeleka kambi za chanjo karibu na vijiji, na zikafunguliwa siku ile ile iliyotangazwa, idadi ilipanda hadi kama asilimia 17. Katika vijiji vingine kila mama aliyeleta mtoto alipewa kilo moja ya dengu. Idadi ikafika kama asilimia 38! Je, akina mama hao waliuza afya ya watoto wao kwa dengu? Hapana. Walikuwa wanaitaka chanjo, ila kazi ya leo ilikuwa ikiwashika, na mtu husema nitakwenda kesho, nitakwenda kesho. Nani kati yetu hajafanya hivyo na kazi ya ziada ya hesabu? Dengu zilimpa mama sababu ya kwenda leo.

Mfano mwingine katika hotuba hiyo ni wa Kenya. Watu walibishana kama vyandarua vigawiwe bure au viuzwe, wengine wakidai mtu akizoea cha bure hatanunua tena. Ilipopimwa, waliopata cha bure walikuwa tayari zaidi kununua cha pili, kwa kuwa walikwisha kuona faida yake. Upo pia utafiti wa dawa za minyoo katika shule za Busia, ulioanza mwaka 1998, ambao ulionyesha kwamba dawa ya bei rahisi sana inapunguza utoro. Hapo lazima niseme kweli yote: mwaka 2015 wataalamu wengine walizichambua upya takwimu za Busia, na mjadala mkali ukazuka kati ya wasomi. Mimi naona hilo ni jambo jema. Anayetaka kupima hana budi kukubali kupimwa.

Nikijiuliza kuhusu hapa kwetu, maswali hayaishi. Kwa nini wanafunzi wa kutwa huchelewa, ni uvivu tunaoambiwa, au ni foleni ya maji ya asubuhi? Nani amehesabu? Viranja wanaandika majina ya waliochelewa kila siku. Mbona hawaandiki na sababu?

Ya tano ni podikasti, yaani vipindi kama vya redio ambavyo unavipakua na kusikiliza wakati wako. Inaitwa Planet Money, ya redio ya NPR ya Marekani, na inaeleza uchumi kwa visa. Mwaka 2013 walitengeneza fulana yao wenyewe na kuifuata kutoka shamba la pamba Marekani hadi viwanda vya Bangladesh na Kolombia. Kisha wakauliza: fulana ikichoka huenda wapi? Jibu liliwaleta Gikomba, Nairobi. Pale walikuta fulana iliyochapishwa Marekani kwa sherehe ya msichana mmoja mwaka 1993, na sasa imo katika mitumba. Walionyesha marobota yanavyofunguliwa, wanunuzi wanavyogombania za juu, na mafundi wanavyozipunguza zile fulana kubwa kubwa ziwatoshe watu wa huku.

Tangu nisikie kipindi hicho siwezi kupita Soko Mugdi bila kufikiri. Kila shati pale limezunguka dunia. Mwenye kibanda anakadiria bei ya robota kabla hajaliona ndani, analipa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, anawapa wengine kwa mkopo wa kuaminiana. Huo ni uchumi mtupu, nasi tunadhani uchumi uko katika vitabu tu.

Ya sita na ya mwisho imetoka jirani kabisa, Dadaab, katika kaunti yetu. Abdullahi Mire alikulia katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991. Alikuwa mwandishi wa habari. Msichana mmoja wa kambini alimwomba amtafutie kitabu cha bayolojia kwa sababu alitaka kuwa daktari, na kitabu kimoja kilikuwa kikigombaniwa na wanafunzi wengi. Mire alianza na ombi hilo moja. Hadi alipopewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 2023, vitabu 100,000 vilikuwa vimefika mikononi mwa watoto wakimbizi, na maktaba zimefunguliwa. Mahojiano yake yako mengi, tafuteni mojawapo. Nalipendekeza kwa sababu linaanza kwa mtu kusikiliza. Angeweza kumwambia yule msichana, "Nitaona," kama tunavyoambiwa sisi, halafu akaenda zake.

WANAOPINGA

Nilipoyazungumza haya na wenzangu nilipata mapingamizi matatu, nami nitayajibu kwa heshima.

Wa kwanza wanasema bando ni ghali. Kweli, pesa hakuna. Lakini sauti peke yake inakula bando kidogo kuliko zile video tunazozitazama hadi usiku. Isitoshe, mmoja akipakua anaweza kuwapa wengine kumi kwa Bluetooth bila gharama yoyote. Nyimbo tunapeana hivyo hivyo, sivyo?

Wa pili wanasema nyingi ni za Kiingereza, na wasemaji wengine wanakimbiza maneno. Hilo nalo ni kweli. Mimi hotuba ya Duflo niliisikiliza mara tatu na bado kuna pahali pananipita. Lakini hapo ndipo chama chetu kina kazi. Asikilize mmoja anayeelewa, atusimulie kwa Kiswahili, nasi tumuulize. Tukifanya hivyo Kiswahili chetu kitakua, kwa sababu tutalazimika kutafuta maneno ya mambo ambayo hatujazoea kuyasema isipokuwa kwa Kiingereza. Kutunga ufupisho ni swali la mtihani pia, kwa wale wanaofikiria alama tu!

Wa tatu wanahofu kwamba hotuba za kigeni zitatupotosha dini na mila. Hawa nawaelewa zaidi kuliko wote. Jibu langu ni Dekha. Alikuwa Mwislamu aliyeshika dini yake, na katika kazi ya amani aliitegemea Kurani. Alisafiri nchi nyingi, akawasikiliza watu wa kila namna, akarudi Wajir akiwa Dekha yule yule. Kumsikiliza mtu si kukubaliana naye. Mzee katika shir humsikiliza hata aliyemwibia ngamia.

Mimi pia nina onyo langu, nisije nikaonekana napigia debe kila mwenye kipaza sauti. Msemaji mzuri anaweza kukudanganya vizuri. Dakika kumi na nane ni chache, kwa hiyo kuna mambo ameyaacha. Kila hotuba ikiisha tujiulize: ameacha nini? Nani hakupewa nafasi ya kusema? Amejuaje hayo anayoyasema?

OMBI LANGU

Naomba mlezi wa chama na walimu wetu waheshimiwa waturuhusu tuwe na Saa ya Kusikiliza, mara moja kila wiki mbili, alasiri wakati wa vyama. Simu tunajua haziruhusiwi shuleni, na sitaki mtu afukuzwe kwa ajili ya makala yangu. Mwalimu mmoja akae na hotuba katika simu yake au tarakilishi ya shule, tuweke spika ile ya gwaride, basi.

Masharti yawe matatu. Moja, hakuna kuzungumza hadi mwisho. Mbili, anayetaka kupinga aeleze kwanza kwa Kiswahili msemaji alisema nini, na sisi wengine tukubali kwamba ndivyo. Tatu, anayesema jambo ni la kweli aeleze amelijuaje. Naamini masharti hayo yangeweza kuzuia nusu ya ugomvi wa shule hii.

Aidha, tusisikilize watu wa mbali tu. Tuwaalike watu wa hapa. Kuna wafanyabiashara wa mifugo ambao hawakusoma lakini wanajua kwa nini bei ya ng'ombe inashuka kabla ya majani kukauka. Kuna wakunga. Kuna wafugaji waliopoteza mifugo katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, ambao nchini Kenya uliua zaidi ya milioni 2, kisha wakaona mafuriko mwisho wa mwaka huo huo wa 2023. Tungependa pia mtu wa kutueleza bima ya mifugo. Ilianza Marsabit mwaka 2010, ikafika Wajir mwaka 2013 kwa utaratibu wa takaful unaofuata sheria ya Kiislamu. Setilaiti hupima ukijani wa malisho kutoka angani, na malisho yakikauka kupita kiasi mfugaji hulipwa. Mwanauchumi Mkenya aliyeongoza kazi hiyo, Andrew Mude, alipewa tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016. Ni wangapi kati yetu wenye mbuzi nyumbani wanaielewa bima hiyo? Mimi sikuielewa hadi abti aliponieleza, na yeye aliisikia redioni akiwa safarini.

Wageni hao tukiwarekodi, kwa idhini yao, tutakuwa na podikasti yetu wenyewe, ya Kiswahili, ya Garissa. Siku nyingine mwanafunzi wa Kisumu au Kwale ataisikiliza na kupata hadithi ya pili kutuhusu, na ya tatu.

Kabla sijaweka kalamu chini nina deni. Nilimkosea rafiki yangu mbele ya darasa, hivyo nilimwomba msamaha mbele ya darasa, wala si pembeni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yameisha." Salamu tunapeana sasa, lakini bado hajarudi katika dawati letu. Simlaumu. Nilimwuliza kama Saa ya Kusikiliza ikianzishwa atakuja. Akasema atakuja akiona mimi nimekaa kimya mpaka mwisho.

Walimu wetu, tupeni hiyo nafasi. Nataka anione.